Trekta Dogo kwa Fedha Chache: Hesabu za Kufanya Kabla ya Kununua

Mkulima mwenye ekari 10 hadi 15 yuko mahali pagumu kuliko mwenye ekari 2, na pagumu kuliko mwenye ekari 200. Jembe la mkono halimtoshi, na trekta la kukodi humfikia likiwa limekwisha kuwazunguka wenye mashamba makubwa, mara nyingi mvua za kupandia zikiwa zimeshapita. Huku kwetu Mvomero, mkoani Morogoro, vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, masika hushika kuanzia Machi hadi Mei, na katika kila msimu siku ambazo udongo umelowa vya kutosha kulimika bila kugeuka tope ni chache. Mahindi yaliyochelewa kupandwa hukutwa na jua kali yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, na hapo hakuna mbolea wala dawa inayoweza kurudisha kilichopotea.

Kwa sababu hiyo naamini kwamba trekta dogo halinunuliwi kwa ajili ya mwaka mzima. Linanunuliwa kwa ajili ya wiki chache za mvua, na thamani yake hupimwa kwa siku linazofanya kazi ndani ya wiki hizo. Trekta lenye nguvu za farasi 50 linalosubiri spea kutoka nje ya nchi wakati wenzako wanapanda ni ghali kuliko trekta la nguvu 22 linaloharibika asubuhi na kurudi shambani kesho yake. Ndugu zangu nami tulipoamua kuchanga fedha ili tuachane na foleni ya kukodi, jambo hilo ndilo lililotuongoza, na ninaliandika hapa kwa kirefu kwa sababu wengi ninaokutana nao huanza na swali la bei na la jina la kampuni, ilhali hayo yanapaswa kuja baada ya hesabu mbili ambazo mtu anaweza kuzifanya kwa kalamu na kipande cha karatasi.

Hesabu ya kwanza ni ya muda. Chukua upana wa zana kwa mita, zidisha kwa mwendo wa kilomita kwa saa, gawanya kwa 10, nawe utapata hekta zinazoweza kulimwa kwa saa moja iwapo hakuna dakika inayopotea. Dakika hupotea, kwa kuwa kuna kugeuza mwishoni mwa shamba, kuzibua majani yaliyonasa kwenye diski na kujaza dizeli, kwa hiyo chukua robo tatu tu ya jibu. Jembe la diski mbili linalokata upana wa nusu mita kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa hulima hekta 0.19 kwa saa, yaani chini kidogo ya nusu ekari. Dereva akifanya kazi saa 6 kwa siku, atamaliza karibu ekari 3. Shamba la ekari 12 hulimwa basi kwa siku 4 au 5, na haro, zana ya kuvunja mabonge baada ya jembe, ambayo ni pana zaidi na hupita haraka, huchukua siku chache nyingine. Rotaveta, yaani zana ya visu vinavyozungushwa na injini, yenye upana wa mita 1.4, ikienda polepole kwa kilomita 2.5 kwa saa, hutengeneza karibu theluthi mbili ya ekari kwa saa, nayo huacha udongo ukiwa tayari kwa kupandwa bila kupigwa haro. Kwa vyovyote vile, mwenye ekari 12 anamaliza ndani ya wiki moja na nusu kwa trekta ambalo wauzaji wengi watamwambia kuwa ni dogo mno.

Hesabu hiyo ilitupa utulivu mkubwa, kwa sababu ilituonyesha kuwa hatukuhitaji trekta la nguvu 50 kwa mashamba yetu wenyewe. Anayetaka kulimia majirani kwa malipo afanye hesabu ile ile kwa ekari zao pia, lakini azifanye kwa uaminifu. Majirani wanataka kulimiwa katika wiki zile zile ambazo na wewe unataka kulima, na ekari utakazowalimia ni zile tu zinazobaki baada ya za kwako.

Hesabu ya pili ni ya uzito, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Watu huuliza trekta lina nguvu farasi ngapi na mara chache huuliza lina kilo ngapi, wakati kinachovuta jembe ni mshiko wa magurudumu juu ya udongo, na mshiko huo hutokana na uzito. Jembe la upana wa nusu mita likizama sentimita 18 hukata ukuta wa udongo wenye sentimita za mraba 900. Katika udongo tifutifu wenye mchanga mwingi, kulivuta kunadai nguvu inayolingana na kilo 350 hadi 400. Katika mfinyanzi mweusi wa mbugani, jembe lile lile kwa kina kile kile laweza kudai kilo 800 au zaidi. Trekta la magurudumu ya mpira likiwa juu ya udongo wa shamba huvuta takriban nusu ya uzito unaolalia magurudumu yanayoendeshwa na injini. Kwa hiyo trekta la kilo 1,000 linaloendesha magurudumu yote manne huvuta kilo 400 hadi 500, likatosha kwa tifutifu na kushindwa kwa mfinyanzi, hata kama injini yake bado ina nguvu ya akiba. Magurudumu yatazunguka palepale, tairi zitalika, dizeli itaungua na mtaro hautasogea.

Kuna njia za kupunguza tatizo hilo, na zote ni za gharama ndogo. Tairi za nyuma zinaweza kujazwa maji hadi robo tatu ya nafasi yake ya ndani, jambo linaloongeza makumi ya kilo kwa kila tairi. Vyuma vya uzito vinaweza kufungwa mbele ili trekta lisiinue pua jembe likizama. Jembe linaweza kupunguzwa hadi diski moja, na udongo mgumu ukasubiriwa unyevu wake uwe wa kadiri. Lakini mwenye shamba lote la mfinyanzi mweusi hatasaidiwa na vyuma hivyo. Huyo anahitaji trekta zito, na kama fedha yake haifiki huko, ni afadhali aendelee kukodi na kutumia fedha aliyo nayo kwa mbegu, mbolea na ghala.

Nchi hii imekwisha kulipia ujuzi huo kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga Kongwa, na baadaye Nachingwea na Urambo, kwa kutumia mitambo mingi iliyokuwa masalio ya vita kuu ya pili, yakiwemo matrekta yaliyokwisha kuchakaa kabla ya kuletwa. Karakana zilikuwa hafifu, spea zilikuwa mbali, na udongo wa Kongwa wenye mfinyanzi ulikuwa ukikauka na kuwa mgumu kiasi cha kuharibu zana. Sehemu kubwa ya mitambo ilisimama katika mwaka wa kwanza tu, na mwaka 1951 mpango ulisitishwa baada ya kutumia mamilioni ya pauni. Waliokuwa na fedha isiyo na kikomo walishindwa na udongo, spea na mafundi, yaani mambo yale yale matatu ambayo mwenye fedha chache anapaswa kuyachunguza kwanza.

Baada ya hesabu hizo, mwenye bajeti ndogo hujikuta na njia nne. Ya kwanza ni pawatila, trekta dogo la kuongozwa kwa mikono lenye injini ya silinda moja na nguvu farasi 12 hadi 16. Kwenye majaruba ya mpunga, kwa kulima na kuchavanga, yaani kuvuruga tope kabla ya kupanda, pawatila ni mashine nzuri sana, na kwa mwenye ekari 3 au 4 za mpunga sioni sababu ya kumtafutia kitu kingine. Kwenye ardhi kavu ya mahindi hali ni tofauti, kwa sababu uzito wake ni mdogo, jembe huruka juu ya udongo, na mtu anayeishika hutembea nyuma yake kilomita nyingi kwa kila ekari huku mikono ikitetemeshwa.

Ya pili ni trekta jipya dogo kutoka India, kama Mahindra au Swaraj za nguvu 25 hivi, au la kutoka China. Upya una faida zake, kwa kuwa kuna dhamana, kuna kitabu cha maelekezo kwa lugha inayosomeka, na historia ya mashine inaanza nawe. Kwa anayepata mkopo wenye masharti nafuu, hii ni njia ya heshima. Mfuko wa Taifa wa Pembejeo, AGITF, umekuwa ukikopesha kwa ajili ya matrekta na ukarabati wake tangu miaka ya 1990, na inafaa kuulizia huko kabla ya kwenda kwa mkopeshaji wa kibiashara. Jambo la kusimamia ni ratiba ya marejesho, maana mkulima hupata fedha baada ya mavuno. Mkopo unaodai rejesho kila mwezi humlazimisha kuuza mahindi wakati bei iko chini, na gharama hiyo haionekani popote kwenye karatasi ya mkopo.

Ya tatu ni Massey Ferguson la zamani, hasa 135 au 240. Hapa sifichi kwamba nina heshima kubwa kwa mashine hizi. Injini yao ya Perkins ya silinda tatu, yenye ujazo wa lita 2.5, inajulikana na karibu kila fundi wa trekta niliyewahi kuzungumza naye, na kwa kuwa Massey Ferguson 240 imeendelea kutengenezwa Pakistani kwa miaka mingi, spea zake zinapatikana Dar es Salaam na hata Morogoro mjini kwa bei inayozungumzika. Uzito wake, unaozidi kilo 1,400, unalitosha jembe la diski mbili, na kwa zile imara zaidi diski tatu kwenye udongo mwepesi. Ubaya wake ni umri. Trekta la 135 lililotoka kiwandani kati ya 1964 na 1975 limepita mikononi mwa watu wengi, limefanyiwa oveholi mara nyingi, na katika mashine ya namna hiyo hununui tena kazi ya kiwanda, unanunua kazi ya fundi wa mwisho aliyeifungua.

Ya nne, na ndiyo tuliyoichunguza kuliko zote, ni trekta dogo lililotumika Japani, kama vile Kubota, Yanmar, Iseki, Mitsubishi au Shibaura la nguvu 16 hadi 28. Wakulima wa Japani wengi wana majaruba madogo, kwa hiyo matrekta yao yalijengwa yawe mepesi, yawe na gia nyingi za mwendo wa pole, na mengi yaendeshe magurudumu yote manne. Katika Kubota za mfululizo wa L, herufi DT baada ya namba humaanisha kwamba magurudumu ya mbele nayo huendeshwa, na kwa Yanmar nyingi za zamani ni herufi D. Mara nyingi huja na rotaveta yake ikiwa imefungwa nyuma, jambo linalopunguza gharama ya kuanzia kwa kiasi kikubwa, na injini zake ndogo za dizeli hunywa mafuta kwa adabu: trekta la nguvu 25 likifanya kazi kwa robo tatu ya uwezo wake hutumia takriban lita 4 hadi 5 kwa saa.

Hata hivyo matrekta haya yana mambo ambayo muuzaji hatayataja asipoulizwa. Yalijengwa kwa soko la ndani la Japani, hivyo maandishi ya vijiti vya gia na ya tahadhari ni ya Kijapani, na namba ya modeli huenda isifanane na ile inayouzwa nchi nyingine hata kama injini ni moja. Ukitafuta spea, namba inayokusaidia ni ile iliyochongwa kwenye injini yenyewe pamoja na namba ya chesisi, si ile ya stika kwenye boneti. Tena, baadhi yake yana namna ya kufunga zana ambayo ni ya Kijapani pekee, iliyokusudiwa rotaveta ile ile iliyokuja nayo, na haipokei jembe la kawaida la soko la hapa bila kuchomelewa vyuma. Mikono ya nyuma ya kiwango cha kimataifa kwa matrekta madogo, daraja la kwanza, hutumia pini za milimita 22 kwa mikono miwili ya chini na milimita 19 kwa mkono wa juu. Matrekta makubwa zaidi, daraja la pili, hutumia milimita 28 na 25. Nenda na rula. Pima pini, pima shafti inayozungusha zana, ile ambayo mafundi huiita PTO, ambayo kwa kawaida ina kipenyo cha milimita 35 na meno 6, na hakikisha kwamba kuna gia ya PTO inayotoa mizunguko 540 kwa dakika, kwa sababu mashine nyingi za kukoboa, kupukuchua na kunyunyiza zilizoko sokoni zimetengenezwa kwa mwendo huo.

Kulikagua trekta lililotumika ni kazi inayostahili siku nzima na inayostahili fundi wa kumlipa, fundi asiye wa muuzaji. Fika kabla halijawashwa na uguse injini kwa mkono. Kama ina joto, mtu amekwisha kuiwasha kabla yako, na injini yenye shida ya kuwaka asubuhi huficha shida hiyo ikishapata moto. Iache ipoe, kisha iwashwe mbele yako. Moshi mweusi unaotoka trekta likibebeshwa mzigo huashiria mafuta mengi au hewa kidogo, na mara nyingi nozeli au filta ndizo za kurekebishwa. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua ndani ya silinda, na hapo ringi za pistoni au silinda zenyewe zimekwisha. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata joto unahitaji uchunguzi zaidi, kwa sababu unaweza kuwa dizeli isiyoungua au maji yanayopenya kwenye gasketi ya kichwa. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma. Mvuke kidogo si neno, ila pumzi zinazopiga kwa nguvu na kurusha oili zinakuambia kwamba hewa ya mgandamizo inapita pembeni ya pistoni.

Baada ya injini, nenda kwenye giaboksi na ekseli ya mbele, kwa maana huko ndiko matrekta ya Japani huumia zaidi. Mashine iliyofanya kazi miaka mingi ndani ya maji ya majaruba huingiza maji kupitia sili zilizochakaa, na oili ya giaboksi iliyochanganyika na maji huwa na rangi ya chai ya maziwa. Chomoa kijiti cha kupimia, angalia, kisha legeza kidogo nati ya chini ya vitovu vya magurudumu ya mbele uone kinachotoka kwanza. Nyanyua rotaveta juu kabisa, zima injini, uketi na kusubiri. Ikishuka polepole ndani ya dakika nyingi haidroliki bado ni nzima, na ikishuka mbele ya macho yako kuna sili au vali inayovujisha. Tia gia ya juu, kanyaga breki, achia klachi taratibu: injini ikizimika klachi inashika, na ikiendelea kunguruma klachi imekwisha, na kuibadilisha kunamaanisha kulifungua trekta na kulitenganisha katikati. Mita ya saa za kazi usiitegemee peke yake. Tazama pedali zilivyolika, kiti, mchezo wa usukani na meno ya PTO, maana kubadilisha mita ni rahisi, lakini kurudisha chuma kilicholika ni kazi kubwa.

Tairi nazo zina siri yake katika matrekta yanayoendesha magurudumu yote manne. Ukubwa wa tairi za mbele na za nyuma umepangwa ulingane na meno ya gia za mbele, kwa hiyo mtu akifunga tairi za nyuma za saizi nyingine kwa sababu ni rahisi kupatikana, magurudumu ya mbele na ya nyuma huanza kubishana, na ubishi huo humalizwa na gia za ekseli ya mbele, ambazo ni miongoni mwa spea ngumu zaidi kupata. Kwa sababu hiyo hiyo, gia ya mbele hutolewa trekta linapopita barabara ya lami au ya changarawe ngumu, na kuingizwa tena shambani.

Suala la spea linahitaji kutofautishwa vizuri, kwa kuwa watu husema kwa jumla kwamba spea za trekta fulani zipo au hazipo. Beringi na sili nyingi zina namba za kimataifa. Beringi ya 6205, kwa mfano, ina milimita 25 ndani na milimita 52 nje popote ilipotengenezwa, na duka lolote la beringi mjini litakuuzia bila kuuliza ni ya trekta gani. Filta, mikanda, betri, mipira ya rejeta na hata stata hupatiwa mbadala. Vinavyosimamisha trekta kwa mwezi mzima ni vile vilivyotengenezwa kwa modeli moja tu, kama gia za ndani, pampu ya haidroliki, pampu ya dizeli, krenki na vyuma vilivyomiminwa kwenye kalibu. Kabla ya kulipa, chukua orodha ya vitu hivyo kwa modeli unayoitaka, uzunguke nayo kwa wauza spea wa Gerezani pale Kariakoo au upige simu, na uone ni vingapi vinapatikana ndani ya siku 2. Kisha uhesabu ni matrekta mangapi ya aina hiyo yanafanya kazi katika kata yako. Hicho cha mwisho nakipa uzito kuliko chochote, kwa sababu palipo na Kubota 10 za mfululizo mmoja pana fundi anayezijua, pana moja iliyokufa inayotolewa vifaa, na pana dereva anayejua mlio wake ukibadilika.

Kuhusu mgawanyo wa fedha, tulikubaliana tangu mwanzo kwamba trekta lenyewe lisizidi theluthi mbili ya kile tulichonacho. Theluthi iliyobaki ni ya zana, usafiri, kubadilisha oili zote na filta zote siku trekta linapofika, tairi au betri ikibidi, na akiba ya matengenezo ya msimu wa kwanza. Trekta lililotumika bila akiba hiyo husimama katika wiki ya kwanza ya mvua kwa kukosa kitu kidogo. Ndani ya zana nilitetea tela kwa nguvu zangu zote, ingawa ndugu zangu walitaka diski. Kulima ni kwa wiki chache, lakini mpunga, mahindi, mbolea, matofali na maji husombwa miezi yote, na tela la tani moja na nusu lenye breki zake ndilo linaloingiza fedha ya dizeli wakati jembe limelala. Kwa upande wa kodi, matrekta ya kilimo yamo katika zana zilizosamehewa kodi ya ongezeko la thamani nchini Tanzania, kwa hiyo anayeuziwa jipya aulize bei imepangwaje.

Usalama si mada ya pembeni kwa mwenye fedha chache. Matrekta mengi ya zamani hayana fremu ya kinga nyuma ya kiti, na trekta linaloinuka pua hupinduka nyuma kwa muda usiomtosha dereva kukanyaga klachi. Kisababishi kikuu ni kufunga mzigo mahali pa juu, hasa kwenye mkono wa juu wa kufungia zana, ili kung'oa kisiki au kulivuta gari lililonasa. Mzigo hufungwa chini, kwenye kiungo cha kuvutia kilicho chini ya ekseli, na mahali pengine popote ni hatari kwa maisha. Fremu ya kinga inaweza kutengenezwa na mchomeleaji mwenye ujuzi kwa bomba nene lililofungwa kwenye ekseli, pamoja na mkanda wa kiti, nami naihesabu katika bei ya trekta. Vivyo hivyo na kifuniko cha shafti ya PTO, maana shafti inayozunguka mara 540 kwa dakika ikishika pindo la kanga au mguu wa suruali haimpi mtu nafasi ya pili. Watoto wasipande kwenye mabawa ya tairi, hata wakilia.

Sisi tuliishia kwenye Kubota ya nguvu 24 inayoendesha magurudumu yote manne, pamoja na rotaveta yake, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi yetu ni majaruba na tifutifu, na kwa sababu kata yetu imejaa Kubota za mfululizo ule ule. Tulikubaliana kwa maandishi nani anashika ufunguo, nani anaweka kumbukumbu za saa na dizeli, na kwamba kila ekari, iwe ya ndugu au ya jirani, hulipiwa kwenye mfuko wa trekta. Kwa ndugu bei hushuka, lakini haifutwi, maana trekta linalolimia ukoo bure hufa likiwa na deni la oili. Oili ya injini hubadilishwa kwa saa zilizoandikwa kwenye daftari, filta ya hewa hufunguliwa kila jioni wakati wa vumbi, na rejeta hupulizwa majani kabla halijarudi nyumbani.

Upande wa chini wa shamba, kuna ekari 2 za mfinyanzi mweusi ambazo trekta letu haliziwezi, na tulilijua hilo kabla ya kununua. Hizo tunaendelea kuzikodishia trekta kubwa kila mwaka baada ya mvua ya kwanza, gharama yake imo kwenye bajeti, na tunazipanda mwisho kwa mbegu ya muda mfupi.